Paa au terasi? Jinsi ya kujua ulichonacho juu ya nyumba kabla ya kupandisha viti

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nataka paa langu liwe terasi. Si ni kupiga vigae na kuweka kingo tu?" Hapana. Nimeona sehemu nyingi zikiharibika kwa jibu la haraka la swali hilo, ndiyo maana naandika hatua ninazozifuata mwenyewe.

Tuanze na maneno, maana yanachanganya. Paa ni kifuniko: linazuia mvua, jua na upepo visimfikie aliye chini. Terasi ni sakafu iliyo wazi juu, ya kukaa na kutembea. Inaweza kuwa chini kabisa, imelala juu ya udongo nyuma ya nyumba, na hiyo haihusiani na paa hata kidogo. Roshani nayo ni sakafu iliyochomoza nje ya ukuta. Ugumu uko kwenye terasi iliyo juu ya chumba. Hapo zege lilelile ni paa kwa anayelala chini na sakafu kwa anayetembea juu, na lazima lifanye kazi zote mbili sawasawa. Neno "dari" ndiyo usiseme: kwa huyu ni kile anachokiona akilala chali, kwa yule ni ghorofa ya juu. Mimi huuliza tu: juu pale watu watakaa, au atapanda fundi mara moja kwa mwaka?

Hatua ya 1: Jua aliyejenga alikusudia nini

Tafuta michoro ya nyumba. Kama huna, tazama njia ya kupandia. Ngazi ya zege yenye mlango kamili juu ni dalili kwamba watu walitarajiwa. Kitundu chenye mfuniko, cha kupandia kwa ngazi ya kuegemeza, kinaonyesha paa la kukaguliwa tu. Ni dalili, si uthibitisho. Kama ni bati juu ya kenchi, ishia hapa: hilo ni paa, litunze kama paa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito

Hapa ndipo ninapokaa na mteja muda mrefu kuliko penginepo. Zege lililosimama miaka 20 bila ufa limethibitisha kwamba linajibeba lenyewe na mvua inayopita. Watu 30 ni habari nyingine. Viwango vya ujenzi vya Marekani, kwa mfano, hukadiria paa bapa la kawaida libebe mzigo wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini paa la kukusanyikia watu karibu kilo 490. Ni takriban mara 5, na tofauti hiyo imefichwa ndani: kwenye unene wa zege, nondo, boriti na nguzo.

Sasa ongeza unavyotaka kuweka. Tabaka la mchanga na saruji la sm 5 peke yake ni kama kilo 100 kwa mita ya mraba, kabla hujaleta hata kiti kimoja. Bustani ya udongo wa kina cha sm 30, ukiloa, hupita kilo 500. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima imesimama mahali pamoja. Hakuna fundi, hata awe na uzoefu gani, anayeweza kuzikagua nondo kwa macho au kwa kugonga kisigino. Mwite mhandisi wa majengo, na asipotoa jibu lenye namba, usiendelee.

Hatua ya 3: Pima mteremko

Terasi nzuri inaonekana tambarare, lakini haiko hivyo. Maji yanahitaji kushuka kama sm 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uuweke juu ya zege, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka pima maji (kifaa cha kuonyesha usawa) uliyoilaza juu ya ubao ikae sawa. Nafasi chini ya ncha hiyo iwe karibu sm 4. Mvua ikinyesha, panda na chaki uchore kuzunguka kila dimbwi. Dimbwi ambalo bado lipo baada ya saa 48 ni bonde la kurekebishwa sasa, si baada ya vigae.

Hatua ya 4: Tabaka la kuzuia maji

Kuna nyumba niliitwa mwenyewe akiwa ameshapiga vigae moja kwa moja juu ya zege. Mvua ya kwanza ilipita salama. Baadaye doa la kahawia likaanza kuzunguka taa ya sebuleni. Tulipofumua vigae, mota ya chini, yaani mchanga na saruji ya kushikia vigae, ilikuwa imelowa kama imekorogwa jana, ingawa juani vigae vilikuwa vikavu kabisa. Kigae hakizuii maji. Maji hupita kwenye maungio, na yakishaingia hayana haraka ya kutoka.

Kwa hiyo kinachozuia ni tabaka la kuzuia maji lililo chini ya vigae, na linavuja zaidi pembeni kuliko katikati. Lipandishe ukutani angalau sm 15 juu ya sakafu iliyokamilika. Lizamishe ndani ya tundu la kutolea maji, lisiishie ukingoni. Kizingiti cha mlango ndicho husahauliwa zaidi: kikiwa chini, maji yataingia ndani kwa mlango. Na usitoboe tabaka hilo kufunga vyuma vya kingo, vifunge kwenye ubavu wa ukuta.

Hatua ya 5: Kingo

Urefu wa mita 1.1, upimwe kutoka juu ya vigae, kwa sababu sakafu mpya hula urefu wa ukuta wa zamani. Nafasi kati ya vyuma isifike sm 10. Vyuma visimame wima, vya kulala mtoto huvifanya ngazi.

Hatua ya 6: Jaribio la maji

Fanya kabla ya vigae, na mhandisi akiwa ameshakubali. Ziba tundu, jaza maji yasizidi sm 5 penye kina. Kila sm 1 ya maji ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Kwa kuwa sakafu ina mteremko, gawa eneo kwa vituta vya mchanga uliofungwa kwenye plastiki na ujaribu kipande kwa kipande. Weka alama ya penseli ukutani usawa wa maji. Kando yake acha beseni lenye maji, nalo ulitie alama, ili ujue jua limekunywa kiasi gani.

Baada ya saa 24 linganisha. Kisha shuka chini, pitisha kiganja kwenye dari, hasa pembeni na kuzunguka taa. Mkono huhisi ubaridi wa unyevu kabla jicho halijaona doa. Pakiwa pakavu, zibua tundu na usimame utazame maji yanavyoondoka. Yakisuasua, ongeza tundu la pili, pamoja na tundu la dharura kwenye ukuta wa kingo, chini ya usawa wa kizingiti cha mlango. Majani yakiziba matundu ya chini siku ya mvua kubwa, maji yatatokea hapo badala ya kuingia sebuleni.