Ndege wa pwani Mtwara na Lindi: safari ya miezi ya kaskazi unaipangaje

Kabla hujakata tiketi ya basi angalia mwezi kwanza, na sisemi mwezi wa kalenda, nasema ule wa juu angani. Hawa ndege wanaishi kwa saa ya maji, yani bahari kujaa na kupwa, na mwezi ndo unaoyaendesha. Mimi mara ya kwanza nilipanga kwa kufuata likizo yangu, nikafika Mikindani, karibu na Mtwara mjini, asubuhi maji yameshakupwa yako mbali huko, nikakaa masaa na darubini naona vidoa tu kwenye tope, huyu ni sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, au ni kitwitwi, yule mdogo wa kwenye tope, hata sijui, na nimetoka Dar kilomita mia tano na ushee. Roho iliniuma sana.

Kwa hiyo chagua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Yakianza kurudi yanafunika tope kidogo kidogo na ndege wanasukumwa kuja ulipo wewe, ndo maana nasema saa nane mchana mpaka kumi uwe umeshakaa chini kwenye kivuli umetulia. Usiwafuate, watakuja wenyewe. Maji mafu, yale ya mwezi nusu yasiyojaa wala kupwa sana, achana nayo.

Wengi wa ndege hawa ni wahamaji wanaotoka kaskazini ya mbali, wanaanza kufika Septemba na Aprili wengi wameshaondoka, ila Desemba mpaka Februari ndo wamejaa, kule kwao theluji tupu. Kuna kitwitwi mmoja mdomo umepinda kwa chini, ana gramu 60 hivi tu, anazaliana kaskazini kabisa ya Siberia, na yuko hapa anadonoa tope letu. Ila kumbuka hiyo miezi huku ni ya mvua pia, darubini na simu viwe kwenye mfuko usioingiza maji. Darubini ya 8x42, yani inayokuza mara nane, inatosha kabisa.

Kama una siku moja tu nenda Msimbati, kama kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, bodaboda wanafika ila njia ina mchanga mwingi. Ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu 2000, kwa hiyo beba hela ya kiingilio na kitambulisho, na ukitaka kusogea kule mtoni mpakani na Msumbiji uliza kwanza. Kaa mahali ambapo jua liko mgongoni kwako, ndege anaonekana rangi zote.

Wa kumtafuta pale ni yule mla kaa, mweupe ana mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Anazaliana huko visiwa na fukwe za Uarabuni, anachimba shimo mchangani anataga yai moja jeupe. Mwangalie anavyokula: anakimbia hatua tatu, anasimama, anamdaka kaa anampigapiga chini mpaka miguu inatoka, ndo anammeza. Na pembeni utaona kinda la kijivu kubwa karibu sawa na mzazi bado linalia linaomba chakula, wamesafiri bahari yote hiyo na mama bado analisha. Mimi nikiona hivyo siondoki.

Lindi ukipata siku ya pili, kule Mto Lukuledi unapoingia baharini kuna mikoko na tope zuri, vuka na kivuko kwenda Kitunda uangalie njiani, buabua, wale ndege weupe wa baharini, huwa wanapumzika kwenye fungu la mchanga. Maji yakijaa kabisa tafuta majaruba ya chumvi, yale mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, ndege wanahamia huko kusubiri, omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla hujakanyaga matuta yake.

Viatu vaa vya kufunga, chaza wanakata. Kina mama wanaochokoa pweza na kombe waamkie vizuri uwaulize, wao wanashinda humo majini, wanajua ndege wamelala wapi leo. Na ukiona kundi limeacha kula shingo zote zimenyooka juu, umeshasogea sana, rudi nyuma taratibu mpaka wainamishe vichwa tena.