Namna ya Kumhudumia Mtu Aliyezidisha Kungumanga kwenye Chai

Kungumanga ni mbegu ambayo wengi wetu hapa Mwanza tunaifahamu kama kiungo cha pilau na chai ya maziwa, lakini wako wanaoifahamu kwa sifa nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba ikikunwa kwa wingi na kunywewa humlewesha mtu bila tone la pombe. Sifa hiyo niliisikia kwa mwenzangu wa kazini aliyekulia pwani. Niliijaribu Jumamosi moja usiku nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Kirumba, nikitarajia utulivu na ndoto za rangi, na nilichoambulia ni kichefuchefu, moyo kwenda mbio na siku mbili zilizopotea bure. Maelekezo haya yametokana na usiku ule, kwa kuwa dada na shemeji yangu walifanya kila walichokijua ili kunisaidia, na karibu nusu ya walichokifanya hakikufaa.

Kiasi nilichokunywa sitakiandika. Namba ya namna hiyo ikishaandikwa huwa kipimo mikononi mwa msomaji mwingine, ilhali mbegu mbili za kungumanga kutoka fungu moja la sokoni zinaweza kutofautiana sana kwa wingi wa mafuta, na ndani ya mafuta hayo ndimo zilimo miristisini na elemisini, kemikali zinazosumbua moyo na akili. Tena mafuta hayo hayachanganyiki vizuri na maji, hivyo kikombe cha juu na kile cha chini ya birika havilingani hata kidogo.

Anayemhudumia mgonjwa wa aina hii anapaswa kwanza kuelewa jinsi mbegu hii inavyochelewa. Pombe humwonyesha mnywaji mapema kwamba imefika, lakini kungumanga hukaa kimya kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 6, na katika ukimya huo ndipo watu wengi huharibikiwa. Mimi nilikunywa saa mbili usiku. Ilipofika saa nne sikuhisi chochote isipokuwa ladha ya vumbi kali kooni, nikamcheka mwenzangu moyoni, nikajiona nimedanganywa, kisha nikaongeza kikombe kingine na kwenda kulala. Saa nane usiku niliamka ulimi umekauka kana kwamba nimetafuna majivu, uso unawaka, na kitanda kikiyumba kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni. Kwa hiyo ukimkuta mtu amekunywa na anasema hajambo, usimwamini kwa sababu ya hali aliyo nayo wakati huo. Ondoa kilichobaki mezani, uliza alianza saa ngapi, uandike saa hiyo kwenye karatasi, na umpangie mtu wa kukaa naye hadi asubuhi.

Dalili zenyewe kwa kawaida ni kinywa kukauka, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, uso kuwa mwekundu au wa moto, mapigo ya moyo kwenda kasi, na hofu kubwa isiyo na sababu. Wengine huona au kusikia visivyokuwapo, wengine hushindwa kupata mkojo, na wengine husinzia na kuzinduka mara kwa mara. Hofu ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa maana nilikuwa na hakika kabisa kwamba ninakufa, na maneno ya kunitania yaliyosemwa mlangoni niliyasikia kama hukumu. Mhudumu anapaswa kuzungumza polepole, kwa sentensi fupi, akirudia kwamba hali hii inatokana na kile kilichonywewa na kwamba itapungua. Taa iwashwe kwa mwanga hafifu. Dada alinifungia katika chumba chenye giza akidhani nitalala, nami katika giza lile niliona mengi ambayo kwenye mwanga yasingepata nafasi.

Kosa lililofuata lilikuwa kunitapisha. Shemeji alikoroga maji ya chumvi akaninywesha kikombe kizima, nikatapika hadi tumbo likauma, na kilichonywewa saa sita kabla hakikutoka kwa sababu kilikwishapita tumboni. Maji ya chumvi nyingi yana hatari yake yenyewe, na mtu anayesinzia akitapishwa anaweza kupaliwa na matapishi yakaingia mapafuni. Usimtapishe. Usimpe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu, wala usimsagie mkaa wa jikoni. Mkaa unaotumika hospitalini hutengenezwa kwa namna ya pekee na hutolewa na mtaalamu kwa kuangalia muda uliopita. Mpe maji ya kawaida kidogo kidogo ikiwa yuko macho na anaweza kumeza bila shida. Pombe, vinywaji vya kuongeza nguvu na vidonge vya usingizi viwekwe mbali kabisa naye. Akisinzia, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili akitapika asipaliwe.

Hesabu mapigo ya moyo wake, kazi ambayo haihitaji utaalamu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, tazama saa ya simu, uhesabu kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Yakizidi 120 naye amelala tu, au yakiwa yanaruka bila mpangilio, usisubiri mapambazuko. Hapa nakumbuka jambo ambalo nililisoma baadaye na likanichekesha kwa uchungu: mnamo 1829 mwanafiziolojia wa Kicheki, Jan Evangelista Purkinje, aliijaribu kungumanga mwilini mwake mwenyewe, na ni kwa jina la mtu huyo zinavyoitwa hadi leo nyuzi za ndani ya moyo zinazosambaza umeme wa mapigo. Mimi nilizihisi nyuzi hizo usiku kucha bila kulijua jina lake.

Mazingira yetu ya Mwanza yana tahadhari zake. Nyumba nyingi za Kirumba, Igogo na Mabatini zimepanda mlima katikati ya mawe, na njia ya kwenda chooni usiku ni ngazi za miamba ambazo hata mtu mzima wa akili timamu huzishuka kwa kushika ukuta. Mtu aliyelewa kungumanga asitoke peke yake. Aletewe ndoo au beseni chumbani. Asipelekwe ziwani kuogeshwa ili azinduke, kama jirani mmoja alivyoshauri kwangu kwa nia njema, kwa kuwa mtu mwenye kizunguzungu anaweza kuzama kwenye maji yanayomfika magotini. Ikibidi kumpeleka hospitali, tumia bajaji au gari, mtu mmoja akikaa kila upande wake kama nafasi ipo, na si bodaboda, ambayo humtaka abiria ajishikilie mwenyewe.

Kuna dalili zinazotaka hospitali bila mjadala: maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa kiasi cha kutowatambua watu wa nyumbani, au kukosa mkojo kwa saa nyingi. Mtoto, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za magonjwa ya akili, au aliyechanganya na pombe apelekwe hata kama dalili bado ni ndogo. Vilevile apelekwe yule aliyekunywa unga uliosagwa tayari, uliofungwa kwenye kipande cha gazeti na kununuliwa kwa mtu asiyejulikana. Unga huo unaweza kuwa na mbegu za mnanaha, mmea unaojiotea wenyewe majalalani na kandokando ya barabara, ambao sumu yake ni kali zaidi na humpanua mgonjwa mboni za macho, humkausha ngozi na kumpandisha joto. Unga uliobaki upelekwe pamoja na mgonjwa, ndani ya karatasi ileile.

Ukifika hospitali, sema kweli. Mimi niliona aibu. Muuguzi aliponiuliza, "Kaka, umekula au umekunywa nini tangu jana?" nikamjibu kwamba nilikula sato na ugali, basi. Kwa kuwa huku kwetu kandokando ya ziwa malaria ni jambo la kila siku, nikatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha sina, nikatobolewa tena, na saa moja nzima ikapita watu wakitafuta ugonjwa ambao haukuwapo. Dada ndiye aliyevunja ukimya, akaufungua mkoba wake na kuiweka mezani nusu mbegu iliyobaki. Kuanzia hapo mambo yakanyooka: nilipimwa moyo, nikawekewa maji ya mshipani na kuangaliwa, kwa sababu kungumanga haina dawa maalumu ya kuikata, na matibabu yake ni kuusaidia mwili hadi uitoe wenyewe. Kipimo cha malaria kifanyike pia, kwani mtu anaweza kuwa na yote mawili, lakini mtaalamu aambiwe habari ya mbegu tangu mlangoni. Hakuna sababu ya kuogopa kuitaja. Ni kiungo cha kawaida kinachouzwa sokoni. Majirani watakaosema kwamba mgonjwa amepandwa na majini wasikilizwe kwa heshima, kisha safari ya hospitali iendelee.

Baada ya kuruhusiwa, mgonjwa asidhani amepona kwa sababu ametembea. Kwa kawaida hali hupungua ndani ya siku moja, lakini uzito wa kichwa, usingizi wa mchana na kinywa kikavu vinaweza kuendelea hadi ya pili. Asiendeshe chombo, asiende kuvua, asipande juu ya paa. Mimi nilipaswa kupanda meli ya Jumapili asubuhi kwenda Nansio kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mjomba, na meli iliondoka nikiwa nimelala ubavu, nikiisikia honi yake. Mjomba aliambiwa nilikuwa na homa. Tumbo la mgonjwa huanza kukubali uji mwepesi na viazi vya kuchemsha kabla ya vyakula vya mafuta, na akila dagaa wa kukaanga mapema atajuta.

Mbegu zilizobaki nyumbani hazina haja ya kutupwa. Kwa birika la watu watano, makuno yanayoenea kwenye ncha ya kisu yanatosha kabisa kuipa chai harufu, na yakizidi hapo chai yenyewe huanza kuwa chungu. Nunua mbegu nzima, ikune kwa kifaa kile cha kukunia karoti wakati unapoihitaji, na ifungie kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu ya kabati, ambako watoto hawafiki wala mbwa hawezi kulidondosha, kwani mbwa nao hudhurika nayo. Kopo la dada limewekwa nyuma ya lile la chumvi, na kila nikienda kwake kula chakula cha Jumapili huitia chai kungumanga yeye mwenyewe, akiwa amenipa mgongo.