Namna ya Kujenga Kazi ya Teno katika Opera na Konseti

Teno, yaani mwanamume mwenye sauti ya juu, husifiwa kwa noti zake za juu, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotea, kwa kuwa huikimbilia do ya juu kabla hawajaijua sauti yao ya katikati. Anayetaka kuimba miaka thelathini na aanze na jambo lisilopigiwa makofi: kumtafuta mwalimu mwenye sikio pevu na kukaa naye miaka kadhaa. Kumpima mwalimu si kazi ngumu. Ikiwa kila utokapo darasani koo linawasha na sauti imekauka, na hali hiyo inaendelea mwezi baada ya mwezi, tafuta mwingine, hata kama huyo ana jina kubwa.

Kazi kuu ya miaka hiyo ni kivuko, yaani mahali sauti inapobadilika ikipanda juu, ambacho Waitaliano hukiita passaggio. Kwa mateno wengi kivuko hiki kiko kati ya mi na sol zilizo juu ya do ya katikati ya piano. Chini yake sauti hutoka kama ya mtu anayezungumza. Ukiipandisha bila kubadili chochote hugeuka kuwa ukelele, na ukiiachia tu hukimbilia wembamba wa kichwani usiofika mbali. Imba ngazi ya noti tano kwa irabu “u”, ukipanda nusu toni kwa nusu toni, kisha rudia kwa “a”. Ukifika kivukoni, iache hiyo “a” iegemee “o”, taya likiwa limelegea na mbavu zikiwa zimetanuka kana kwamba bado unavuta pumzi. Ukipatia, msikilizaji atasikia “a” safi ijapokuwa mdomoni mwako unahisi umeimba irabu nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo jirekodi, wala usiyaamini masikio yako mwenyewe. Dakika ishirini za zoezi hili kwa siku zinatosha.

Juhudi hii ina sababu yake. Mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti, na hawezi kuishinda okestra kwa mabavu. Sauti iliyofunzwa hukusanya sehemu ya nguvu zake karibu na hetsi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra, ambayo nguvu zake nyingi ziko karibu na hetsi 500, huwa imekwisha kufifia. Ndiyo maana teno anayepiga kelele humezwa na matarumbeta, ilhali mwenzake anayeonekana kutojikakamua anasikika hadi safu ya mwisho.

Hakikisha pia kwamba kweli wewe ni teno. Mwitaliano Carlo Bergonzi alianza kazi kama baritoni, sauti ya kiume iliyo chini ya teno, akajifunza upya, na mwaka 1951 akapanda jukwaani mjini Bari akiwa teno katika opera ya Andrea Chénier. Kuchelewa kwa namna hiyo si hasara, kwa kuwa sauti ya katikati iliyokomaa ni mtaji.

Baada ya hapo huja uchaguzi wa nafasi, yaani wahusika utakaowaimba katika opera, na kwa maoni yangu huu ndio unaoamua urefu wa kazi kuliko kipaji chenyewe. Anza na Mozart: Ferrando, Tamino, Don Ottavio. Huwezi kujificha ndani ya muziki huo, lakini hauchoshi koo changa. Nemorino wa Donizetti anafuata vizuri, kisha Rodolfo wa Puccini sauti ikishanenepa. Otello wa Verdi na Tristan wa Wagner hawana haraka nawe. Jumba la opera likikupa nafasi nzito ukiwa na miaka ishirini na sita, halikupimi wewe. Lina pengo la kuziba. Kataa kwa adabu, na upendekeze nafasi unayoiweza.

Usiidharau konseti, ambako huimbwa bila maigizo. Katika Messiah ya Handel, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, sauti ya kwanza kusikika baada ya okestra kufungua ni ya teno, peke yake, na mstari wake wa kwanza unafichua kila kasoro ya pumzi. Mwinjilisti, nafasi ya teno katika Mateso ya Mathayo ya Bach, husimulia kisa kizima kwa Kijerumani, kwa hiyo anayekitamka Kijerumani kwa kubahatisha ataumbuka mapema. Kazi hizi huandaliwa kwa siku chache, tofauti na wiki kadhaa za opera, na aliye nazo tayari kichwani hupigiwa simu tena na tena. Jifunze Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa kiasi cha kuelewa kila neno unaloliimba.

Kwa usaili, andaa aria tano, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja kutoka katika opera, za lugha na tabia tofauti. Mara nyingi ya kwanza utaichagua wewe, na ya pili wataichagua wao. Ya kwanza iwe ile unayoweza kuiimba saa tatu asubuhi ukiwa na mafua, si ile inayokutisha. Mpe mpiga piano nakala safi, kurasa zikiwa zimeunganishwa, na mahali panaporukwa pakiwa pamewekwa alama. Mwambie mwendo unaoutaka kwa kumwimbia mstari mmoja kwa sauti ndogo, wala usimpigie vidole.

Nchini Ujerumani majumba mengi huajiri waimbaji wa kudumu kwa mshahara wa mwezi, na hiyo ni shule nzuri kwa anayeanza. Mwimbaji wa kujitegemea, kwa kawaida, hulipwa kwa kila onyesho, na asipoimba hapati kitu. Wakala halali huchukua sehemu ya malipo baada ya kukupatia kazi. Anayedai ada kabla ya kukupatia chochote mkimbie.

Uwe tayari kumbadili mwenzako aliyeugua. Teno Juan Diego Flórez aling'ara Pesaro, Italia, mwaka 1996, akiwa na miaka 23, baada ya kushika nafasi ya mwimbaji aliyeshindwa kuimba. Nawe siku yako ya kuugua ikifika, lijulishe jumba asubuhi na mapema, kwa sababu atakayekubadili huenda yuko mji mwingine na anahitaji kuwahi ndege ya mchana.