Kabla hujaenda kozi ya ukocha, zingatia haya

Anza na karatasi: kitambulisho, picha, vyeti vya shule, risiti ya ada. Toa nakala. Jina unalojiandikishia lifanane na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi.

Jua ngazi unayoiendea. Leseni za CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, zinapanda D, C, B, A, kisha Pro. Usilichukulie jambo hili kirahisi. Oktoba 2021 Didier Gomes, kocha mkuu wa Simba, alizuiwa kukaa benchi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuwa vyeti vyake havikukidhi masharti ya CAF. Wewe wa timu ya mtaa nani atakuonea haya?

Beba njumu, filimbi, saa na daftari. Pitia upya sheria 17 za mchezo, hata kama umecheza tangu utoto. Anza kukimbia mapema, maana utavaa bukta na kuongoza mazoezi mbele ya wakufunzi.

Sasa hili la mipira, lisikilize vizuri. Mwenzetu mmoja alirudi na leseni D, akaenda kufundisha watoto kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kozini kila mtu alikuwa na mpira wake, koni za kumwaga, vizibao vya rangi mbili. Uwanjani alikuta watoto zaidi ya arobaini na mipira miwili, mmoja unavuja upepo. Akafuata daftari lake vilevile: foleni moja ndefu, piga chenga kwenye koni, funga, rudi nyuma. Mtoto anagusa mpira mara moja, kisha anasimama juani kusubiri zamu. Wakubwa wakawa wanawasukuma wadogo. Haikupita muda, nusu yao wakahamia nyuma ya madarasa kucheza chandimu, na yeye akawa anawafokea kwamba hawana nidhamu. Iliniuma, kwa sababu wale watoto walitaka kucheza tu.

Aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja wa pale mtaani. Aliweka mawe, akapata viwanja vitatu vidogo, wanne kwa wanne, akaongeza mpira wa makaratasi kwenye kiwanja cha tatu. Wanaosubiri wanaingia kila baada ya dakika chache. Kocha wetu akabaki kusisitiza kitu kimoja tu: fungua mwili, yaani simama kiupande uone uwanja, kabla pasi haijakufikia. Watoto wakarudi.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, hesabu watoto na mipira uliyonayo. Kila zoezi utakalofundishwa, muulize mkufunzi: nikiwa na mipira miwili nalifanyaje? Andika jibu palepale.

Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, jifunze FIFA 11+, mpangilio wa mazoezi ya kupasha misuli. Ni dakika 20 hivi, na haidai vifaa vya gharama. Wakiruka, angalia wanavyotua: magoti yakunjwe kidogo, yasiingie ndani.

Na mengine: maji yawepo kila siku. Jua la saa nane waache wapumzike. Mtoto akigongwa kichwa na kuonekana kuyumba, mtoe, apelekwe hospitali, asirudi kucheza siku hiyo hata akilia. Namba za simu za wazazi ziandike kwenye daftari pia, maana simu huzima chaji. Ngurumo ikisikika, wote ndani ya jengo, si chini ya mwembe.