Somo: Namna ya Kupima Ufundi wa Mwongozaji wa Filamu Bila Kutawaliwa na Mapenzi Yako

Mtu akisema kwamba mwongozaji fulani ni hodari, mara nyingi huwa anasema tu kwamba filamu zake zimemfurahisha. Hayo ni mambo mawili, nayo hutenganishika, mradi mtazamaji aanze na swali moja kabla ya mengine yote: uamuzi huu wa mwongozaji ulikusudiwa kufanya kazi gani, na je, umeifanya? Swali la kama tunaipenda filamu lisubiri.

Hatua ya kwanza. Chagua onyesho moja la dakika tatu hadi tano, usibebe filamu nzima. Ni vema likawa la mwongozaji usiyempenda, maana ukiuona ufundi huko, hutakuwa na shaka kwamba hukupofushwa na mapenzi.

Hatua ya pili. Zima sauti, kisha litazame onyesho hilo walau mara mbili. Muziki hufunika makosa mengi ya picha. Chora kwenye karatasi ramani ya mahali lilipopigwa: milango, meza, walipo watu, na kila mahali kamera iliposimama. Ukishindwa kuichora, jiulize kama mkanganyiko huo ulikusudiwa. Katika vita huenda ulikusudiwa. Katika mazungumzo ya watu wawili mezani ni nadra sana.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kufuatilia uamuzi mmoja wa kiufundi tangu unapoanza hadi unapoishia. Na hapa italazimu kutazama filamu nzima. Chukua *12 Angry Men* ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet, ambamo wanaume 12 wa jopo la mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, wamefungiwa katika chumba kimoja siku ya joto kali, wakijadili kama kijana anayeshtakiwa kwa mauaji ana hatia. Katika theluthi ya kwanza Lumet aliiweka kamera juu ya usawa wa macho. Katika theluthi ya pili akaishusha hadi usawa wa macho. Katika ya mwisho akaishusha chini zaidi, hata dari ikaanza kuonekana juu ya vichwa vya watu. Wakati huohuo alikuwa akihamia kwenye lenzi ndefu zaidi na zaidi, ambazo humfanya mtu aliye mbele aonekane kama amekaribiana na ukuta ulio nyuma yake. Chumba hakikupungua hata kidogo, ila mtazamaji anahisi kuta zinambana, na kubanwa huko kunazidi kadiri ubishi unavyozidi kuwa mkali. Kisha watu wanapotoka nje ya jengo, lenzi ni ya upana na kamera imerudi juu, na mtazamaji anapata nafasi ya kupumua. Hakuna neno hata moja katika maelezo haya linalotegemea kama unapenda hadithi za mahakamani au zinakuchosha. Hata asiyeimaliza filamu hiyo kwa hiari yake anaweza kuhakikisha kamera ilikuwa wapi.

Hatua ya nne. Andika ulichokiona kwa sentensi tatu: uamuzi, kazi yake, matokeo yake. Maneno kama "nzuri", "inachosha" na "inavutia" yasiwemo.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwongozaji akivunja kanuni zinazofundishwa, si dalili kwamba hana ufundi?*

Tazama kama anavunja kwa mpangilio. Yasujiro Ozu wa Japani, katika *Tokyo Story* ya 1953 na filamu zake nyingine nyingi, huuvuka bila kusita ule mstari wa kufikirika kati ya wazungumzaji wawili, ambao waongozaji wengi huepuka kuuvuka ili mtazamaji asichanganyikiwe nani yuko upande upi. Lakini kamera yake imekaa chini, haitembei ila kwa nadra, na watu wamepangwa kwa uangalifu ndani ya fremu. Asiyejua kanuni hukosea ovyo, mahali pasipotarajiwa. Ozu anarudia jambo lilelile kwa uthabiti usioweza kuwa bahati.

*Swali: Nitajuaje kwamba ufundi ni wa mwongozaji, si wa mpiga picha wake?*

Linganisha filamu zake alizopigiwa na watu tofauti. *Rear Window* ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, ilipigwa na Robert Burks, na *Psycho* ya mwaka 1960 ikapigwa na John L. Russell. Mwanga na sura ya picha vimebadilika sana, tena moja ina rangi na nyingine haina. Kisichobadilika ni namna mtazamaji anavyopimiwa habari, ajue nini na wakati gani, na hilo ndilo la kumhesabia Hitchcock. Sifa ya mwanga mpe mpiga picha.

*Swali: Picha ndefu isiyokatwa, yaani kamera kupiga mfululizo bila kurukia picha nyingine, si ndiyo kipimo cha juu kabisa cha ustadi?*

Hapana, na napenda tuliache wazo hilo. Urefu unaonyesha kwamba kulikuwa na mazoezi mengi; hauonyeshi kama ulihitajika. Mwanzoni mwa *Touch of Evil* ya Orson Welles, ya mwaka 1958, mtu anatega bomu kwenye buti la gari mbele ya macho yetu, kisha kamera inalifuata gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata. Picha ikikatwa, mtazamaji hupoteza hesabu ya muda. Isipokatwa, kila sekunde anayoihesabu ni sekunde ya bomu lenyewe. Ndiyo maana Welles anakata pale tu mlipuko unapotokea.