Sura ya nje au nafasi ya ndani? Namna ya kupima nyumba ya miaka ya 1950 kabla ya kuinunua Marekani

Kazi yangu ni kukagua nyumba hapa Columbus, Ohio, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu: Watanzania, Wakenya, Wakongo waliochoka kulipa kodi ya pango. Mkopo ukishapita, nyumba wanayoimudu mara nyingi ni ile iliyojengwa kati ya mwaka 1946 na 1970 hivi. Wapo wanaotekwa na sura yake: paa la chini lililotandaa, dirisha kubwa la sebuleni, matofali mekundu, mti mkubwa uani. Wapo wasioiona hiyo sura kabisa, wanauliza vyumba vingapi basi. Wote nawaambia wasubiri kidogo.

Nyumba hizi zilijengwa haraka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi waliporudi na kupewa mikopo yenye dhamana ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1944. Mwaka 1950 nyumba mpya ya wastani ilikuwa haifiki futi za mraba 1,000. Ilikusudiwa baba, mama, watoto wawili au watatu, gari moja na bafu moja. Sisi tunataka kuingiza humo watu saba, bibi anayekuja kukaa miezi sita, na wageni wa Jumapili.

Methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, kila mtu anaijua, ila kwa nyumba za kipindi hiki inapotosha. Hapa nje na ndani vimeshikana: kile kinachoipendezesha nyumba ukiwa barabarani ndicho kinachoamua kama utaweza kuipanua. Mimi naacha nafasi ichuje kwanza, halafu sura ichague kati ya zilizobaki.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho kabla ya kwenda kuangalia chochote

Chukua tepu, pima vitanda vyako, makochi, meza ya chakula, friza. Andika kwenye simu. Andika pia nani analala wapi, na nani anakuja kila mwaka.

Nieleze kwa nini nasisitiza hili. Chumba cha kulala cha enzi hizo mara nyingi ni futi 10 kwa 10, yaani inchi 120 kila upande. Kitanda cha kingi kina upana wa inchi 76 na urefu wa inchi 80. Ukikiweka katikati ya ukuta, kila ubavu unabaki na inchi 22, na miguuni inchi 40. Sasa weka kabati la droo lenye kina cha inchi 18 pale miguuni. Zimebaki inchi 22, na ukivuta droo huna pa kusimama. Kitanda cha kwini, upana inchi 60, kinakurudishia inchi 8 kila ubavu, na hapo chumba kinaanza kupumua. Picha za mtandaoni hazitakuonyesha hayo, maana wauzaji huweka kitanda kidogo na kuondoa kabati.

Makochi ya kona ya watu saba ndiyo yanayowaumbua wengi. Pima na upana wa mlango wa mbele.

Hatua ya 2: Isome nyumba ukiwa bado barabarani

Ranchi ni nyumba ya chini, ndefu, yenye paa la mteremko mdogo. Ndiyo inayopendwa kuliko zote, na bibi hapandi ngazi. Lakini paa hilo la chini maana yake juu hakuna kitu. Ukitaka kuongeza, ni kuelekea nyuma au kushuka besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi.

Cape Cod ina paa la mwinuko mkali na vyumba viwili vidogo juu. Kwa nje inapendeza kama nyumba ya kitabu cha watoto. Kwa ndani, dari la juu linashuka pande zote mbili, na mtu mrefu atainama akitoka kitandani.

Spliti ni nyumba iliyokatwa ngazi-ngazi: unaingia sebuleni, unapanda hatua chache kwenda vyumbani, unashuka hatua chache kwenda kwenye chumba cha familia na gereji. Watu wengi wanaiona mbaya, na sibishani nao sana. Ila kwa familia kubwa ndiyo ninayoitetea kila mara. Watoto wana chini yao, wakubwa wana juu yao, kelele hazikutani. Tatizo lake ni ngazi zenyewe, kwa mwenye magoti mabovu.

Halafu kuna za kisasa za wakati ule, za vioo na nguzo wazi, kama zile ambazo Joseph Eichler alizijenga kwa maelfu California, au zile za Rush Creek Village, Worthington, hapa jirani. Ni nzuri mno, kusema kweli. Lakini paa bapa halina dari la kupitisha mabomba ya hewa, na joto la nyumba nyingi za Eichler hupita kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya zege la sakafu. Kila badiliko la ndani lina gharama yake.

Kioja cha mji wetu ni Lustron, nyumba za chuma zilizotengenezwa kiwandani hapahapa Columbus kati ya 1948 na 1950, karibu 2,500 kwa jumla. Kuta zake ni vigae vya chuma vilivyopakwa enameli, nje na ndani, na picha ya ukutani hutundikwa kwa sumaku. Ukikutana nayo inauzwa, elewa kwamba fundi wa kuipanua ni wa kutafuta kwa tochi.

Hatua ya 3: Ivunje ile namba ya futi za mraba

Tangazo linasema 1,400. Uliza: 1,400 ya wapi?

Wathamini wengi hufuata kipimo kiitwacho ANSI Z765, na Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, imekidai tangu Aprili 2022. Kwa kipimo hicho, ghorofa ambayo sehemu yake yoyote imezama chini ya ardhi haiingii kwenye hesabu kuu, hata kama imewekwa zulia na taa za kupendeza. Dari linatakiwa kufika futi 7. Kwenye chumba chenye dari la mteremko, angalau nusu ya eneo iwe na futi 7, na pale linaposhuka chini ya futi 5 hapahesabiki kabisa.

Ndiyo maana namba ya spliti huwa inaisingizia udogo: ile ngazi ya chini imezama kidogo, kwa hiyo imeachwa nje, ingawa mtaishi humo kila siku. Cape Cod ni kinyume. Mwenye nyumba akijipimia sakafu yote ya juu, anakuuzia pembe ambazo utaweka masanduku tu. Fungua tovuti ya odita wa kaunti, ofisi inayotunza kumbukumbu za nyumba, ni bure, andika anwani, utakuta mwaka wa kujengwa na mchoro wa nyumba wenye vipimo. Linganisha na tangazo.

Kuhusu besimenti: ikiitwa chumba cha kulala, nenda moja kwa moja kwenye dirisha. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya nchi zinataka dirisha la kutorokea moto ambalo kwa besimenti uwazi wake usipungue futi za mraba 5, kimo kisipungue inchi 24, upana usipungue inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kile kidirisha chembamba cha juu cha mwaka 1955 hakifiki hata karibu. Mtoto asilale humo mpaka dirisha lichimbwe upya.

Hatua ya 4: Pima kuta pia

Simama katikati ya kila chumba, hesabu urefu wa ukuta mtupu, yaani ukuta usio na mlango, dirisha linaloshuka chini, wala hita ya ukutani. Sebule yenye ukuta mzima wa kioo inaweza kuwa na futi 300 za mraba na bado ikakosa pa kuweka kabati la vyombo. Kochi unalisukuma mbele ya kioo, na ule uzuri uliolipia umeufunika kwa mgongo wa kochi.

Jikoni ni hivyohivyo. Vyumba vingi vya jiko vya wakati ule ni vya mpishi mmoja. Ukifungua oveni, korido imezibwa. Kama pilau ya wageni inapikwa na watu watatu, jaribu kusimama watatu humo humo siku ya kuangalia.

Hatua ya 5: Tenganisha kinachobadilika na kisichobadilika

Rangi, mlango wa mbele, taa za nje, maua, hata reli za baraza, hivyo ni vya wikendi kadhaa. Sura mbaya ya aina hiyo isikufukuze. Madirisha yote na paa bapa ni pesa nyingi. Ukuta wa nje wenye vigae vya saruji ya asbesto usiuguse bila mtaalamu.

Ndani, swali la kwanza ni ukuta wa kati. Chungulia darini. Ukiona pembetatu za mbao zilizoungwa kwa vibati vya chuma, hizo ni kenchi za kiwandani, zilizoenea zaidi miaka ya 1960. Kwa kawaida hulala juu ya kuta za nje, na ukuta wa katikati huenda unaondoka kwa gharama ndogo. Ukiona mbao ndefu zilizokatwa papo hapo zikipishana katikati ya nyumba, ukuta ulio chini yake umebeba mzigo. Vyovyote vile, injinia aseme kabla nyundo haijainuliwa.

Kisichobadilika: kimo cha dari la besimenti, upana wa korido, na umbali wa nyumba kutoka mpaka wa kiwanja. Huo wa mwisho uulize ofisi ya vibali ya mji kabla ya kuota chumba cha nyuma.

Hatua ya 6: Tafuta bei ya sura

Tuseme ranchi nzuri na spliti isiyovutia zote ni dola 280,000, na ranchi imepungukiwa chumba kimoja na bafu. Mwite fundi mwenye leseni akupe makadirio ya kuongeza. Akisema 80,000, basi ranchi ni ya 360,000, na sura yake unailipia 80,000. Ukiitazama hivyo, wengine hucheka na kununua spliti. Wengine wanasema inastahili, na wako sahihi pia: wazee wawili ambao watoto wamehama, au mtu anayenunua kwenye mtaa ambao wanunuzi wanazitafuta nyumba za vioo na hawajali ufinyu. Ninaowazuia ni wenye watoto wadogo wanne wanaosema "tutabanana tu." Kijana wa miaka 15 habanani.

Hatua ya 7: Linda ofa yako

Kwenye ofa acha kipengele cha ukaguzi, hata dalali akikuambia ushindani ni mkali. Nyumba ya umri huu huwa na mabomba ya chuma yaliyoziba kwa kutu, vigae vya sakafu vya inchi 9 vinavyoweza kuwa na asbesto, na boksi la umeme la chapa ya Stab-Lok ambalo wengi wetu tunashauri libadilishwe. Iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi ya risasi, na sheria inakupa siku 10 za kuipima kama hukuzikataa kwa saini yako.

Lipia pia kamera ya bomba la maji taka. Kati ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1970 baadhi ya nyumba ziliwekewa Orangeburg, bomba la nyuzi za mbao na lami, ambalo hubonyea likizeeka. Mwambie fundi asiishie uani. Apeleke kamera hadi bomba linapoungana na la mtaa, na akupe video yenyewe, si karatasi ya maelezo peke yake.