Kumrudisha pongo Mlima Elgon: anzeni na waya

Nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Kapchorwa na Bukwo, Uganda. Vijana wa kikundi chetu cha kupanda miti wananiuliza: mzee, miti imeshashika, pongo tutamleta lini? Ni siku mtakayopita korongo zima bila kuokota hata waya mmoja.

Pongo, mnyama wa jamii ya swala ambaye wengine humwita mbawala, hakuondoka korongoni mwetu kwa kukosa majani. Alimalizwa na vitanzi vya waya za breki na waya za matairi yaliyochomwa. Piteni asubuhi, jua likiwa chini, ili waya umetemete. Jipangeni mstari mmoja, mkiinama, hasa kwenye vijia vinavyoshuka majini. Watafuteni waliokuwa wakitega, muwaombe kwa heshima waongozane nanyi. Wao wanajua kila kijia, na mimi wamenionyesha mitego niliyoipita mara kumi. Kaeni pia na akina mama wanaochuma maleewa, yaani machipukizi ya mianzi, mmeelewana njia, na wenye mashamba ya maharage, kwa sababu pongo atayala.

Kukamata si kazi yenu. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na daktari wa wanyama lazima awepo. Lakini mtaitwa kusaidia, basi sikilizeni hili. Niliwahi kumshika dume mzima, hana hata mchubuko. Siku ya tatu nikamkuta amekufa. Tulikuwa tumemkimbiza mno. Pongo akikimbizwa kwa hofu, mwili huchemka na misuli huharibika kwa ndani, naye hufa baadaye, wakati mmeshajipongeza. Yule dume bado namkumbuka.

Kwa hiyo: wavu, usiku au alfajiri yenye baridi, mbio fupi. Akinaswa, mfungeni kitambaa machoni, na mtu asiseme neno. Mwili ukiwa moto, mmwagieni maji. Kila mmoja kreti yake yenye giza na nyasi chini. Madume wavalisheni vipande vya mpira wa maji kwenye pembe zao, wasijichome. Majike yawe mengi kuliko madume, na watoke mahali penye baridi kama petu.

Wasafirisheni mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijageuza barabara ya Bukwo kuwa utelezi. Wakae bomani wiki mbili tatu, majani yachipue. Ukuta uwe wa mianzi iliyobanana, asione nje, maana akiona mwanga kwenye seng'enge ataivamia kwa kichwa. Uwe mrefu kumshinda mtu aliyeinua mikono, kwani pongo anaruka. Mleteeni matawi ya korongo hilohilo atakaloishi. Kisha jioni moja fungueni mlango, mwende zenu. Msimswage. Atatoka mwenyewe usiku.

Baada ya hapo mtamjua kwa nyayo na kwa sauti: akishtuka hubweka kama mbwa. Mimba ni ya miezi sita hivi, mtoto mmoja tu. Mama humficha kichakani na hula kinyesi cha mtoto huyo ili chui asinuse, basi msiende kumtafuta mkampigia picha, mtaacha harufu yenu pale mama alipojitahidi kuifuta ya mwanawe. Zamu ya waya iendelee kila wiki, na wiki ya sikukuu, nyama inapotafutwa, iwe mara mbili.